VAT Moja, Majibu Manne

Chukua kikokotoo kilicho karibu nawe. Andika 100,000, bonyeza kujumlisha, andika 18, kisha bonyeza alama ya asilimia. Mfanyabiashara yeyote wa Tanzania Bara anaijua hesabu hiyo: ni bei ya bidhaa ikiongezwa VAT. Jibu ni 118,000, na simu nyingi zitakupa hilo hilo. Lakini ukiifanya kwenye kikokotoo cha kisayansi cha Casio aina ya fx-82ES, ukamalizia na alama ya sawasawa, utasoma 100,000.18. Ukiifanya kwenye fx-82MS, kinachofanana nacho kwa umbo na kilichojaa kwenye mabegi ya wanafunzi, utasoma 555,655.5556. Na vipo vikokotoo vya mezani, vile vya kaunta za maduka, vitakavyokuandikia 121,951 na ushee.

Hakuna hata kimoja kilichoharibika. Kila kimoja kimejibu swali lake. fx-82ES kinaichukua alama ya asilimia kuwa ni "gawanya kwa mia", basi. 18 imegeuka 0.18, na laki yako imeongezewa senti kumi na nane. fx-82MS kimejiuliza jambo jingine kabisa: kiasi cha kwanza kikiongezwa juu ya cha pili, jumla itakuwa asilimia ngapi ya hicho cha pili? Kitabu chake cha maelezo kinatoa mfano wa sampuli ya gramu 500 iliyoongezwa gramu 300, na jibu ni 160, yaani uzito mpya ni asilimia 160 ya ule wa mwanzo. Ni hesabu halali ya maabara, ila muuza mabati hakuiuliza. Kile cha mezani nacho kimetafuta bei ya kuuzia ambayo ndani yake faida ni asilimia 18. Toa asilimia 18 ya hiyo 121,951 na utarudi kwenye laki moja yako.

Jibu la laki tano na nusu halimdanganyi mtu, maana ukubwa wake unapiga kelele. La senti kumi na nane nalo linaonekana. Ninaloliogopa ni lile la 121,951, kwa sababu linafanana na bei. Mtu ataliandika kwenye ankara, mteja atalipa au ataondoka kimya kwenda duka la pili, na hakuna kati yao atakayejua kilichotokea.

Nafundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu kwa wafanyabiashara wadogo hapa Morogoro, jioni, watu wakishafunga maduka na vibanda. Kauli ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Mwalimu, mimi hesabu zilinishinda tangu shule." Anayeisema ni mama anayenunua mpunga Dakawa kwa magunia, anaukoboa, anauza mchele kwa kilo, na kichwani mwake anajua kila gunia litamwachia nini kabla mzigo haujashushwa garini. Hesabu hazijamshinda mama huyu. Hajaambiwa tu kwamba kidude alichokishika kina taratibu zake za kusikiliza, kwamba taratibu hizo hutofautiana kutoka mashine hadi mashine, na kwamba ziliamuliwa na watu waliokaa mezani miaka mingi iliyopita bila kumfikiria yeye. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza. (Na Mtanzania anayestaafu mwaka huu anielewe: sizungumzii kikokotoo cha mafao. Nazungumzia kile cha vitufe.)

Twende kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mteja anataka mifuko 40 ya saruji kwa 17,000 kila mmoja, na mabati 12 kwa 28,000 kila moja. Karani anabonyeza kama anavyosema: 40 × 17,000 + 12 × 28,000, sawasawa. Kikokotoo cha kisayansi kitampa 1,016,000, na hiyo ndiyo haki. Kikokotoo cha kawaida cha kaunta, chenye nafasi ya tarakimu 12, kitampa 19,040,336,000. Bilioni kumi na tisa kwa saruji na bati.

Sababu ni kwamba kile cha kaunta hakisubiri. Kila unapobonyeza alama mpya, kinaikamilisha ya nyuma papo hapo. Kilipata 680,000 za saruji, kikaiongezea 12 kikapata 680,012, kisha kikaizidisha yote kwa 28,000. Hakikujua kwamba 12 ni ya mabati, kwani hakikuwahi kuiona hesabu nzima. Kiliona nambari mbili na alama moja, tena na tena. Mashine za zamani za kujumlishia zilifanya kazi hivyo, na vikokotoo vya kwanza vya umeme vikafuata njia ile ile, maana kushikilia nambari zinazosubiri zamu kulihitaji sehemu za kumbukumbu ambazo wakati huo zilikuwa ghali. Ughali huo ulikwisha zamani, ila utaratibu umebaki. Hata kwenye kompyuta ya Windows, kikokotoo kile kile kikiwa katika hali ya kawaida kitakuambia 2 + 3 × 4 ni 20, na ukikigeuza kwenda hali ya kisayansi kitakuambia ni 14.

Watu wakisikia hivyo husema basi cha kisayansi ndicho chenye akili, kinajua MAGAZIJUTO. Ni kweli kwa kiasi. Mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa: kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania amelikariri neno hilo, kama Wakenya walivyokariri BODMAS. Lakini neno hilo limeumiza watoto wengi, na nalisema nikiwa mwalimu. Linamfanya mtoto aamini kwamba kujumlisha daima hutangulia kutoa. Mpe 10 − 3 + 2. Atajumlisha 3 na 2 kwanza, atapata 5, na atakuapia kwa MAGAZIJUTO. Jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa ni daraja moja na huenda kutoka kushoto kwenda kulia, vivyo hivyo kugawanya na kuzidisha. Hapa, kwa mara moja, kikokotoo cha kaunta na cha kisayansi vinakubaliana, na aliyebaki nje ni mwanafunzi na neno lake alilokariri.

Hata vile vya kisayansi havikubaliani vyenyewe kwa vyenyewe. Andika 6 ÷ 2(1 + 2), bila alama ya kuzidisha kati ya 2 na mabano. Texas Instruments ya Marekani ilitengeneza TI-82 inayopata 1 na TI-83 iliyoifuata inayopata 9. Kampuni moja, vifaa viwili vinavyopishana kwa miaka michache tu. TI-82 inaona kwamba 2 iliyogusana na mabano imefungamana nayo, hivyo inazidisha kwanza. TI-83 inaona kuzidisha ni kuzidisha tu, iwe alama imeandikwa au haikuandikwa. Mabishano ya aina hii husambaa kwenye simu kila baada ya muda, watu wakitukanana kuhusu nani alisoma na nani hakusoma. Msimamo wangu ni kwamba swali lenyewe limeandikwa vibaya. Weka alama ya kuzidisha, ongeza mabano yanayosema unachotaka, na ugomvi utakwisha.

Kwa karani wa kaunta, ambaye mashine yake haina mabano, dawa ipo kwenye vitufe ambavyo wengi hawavigusi. Afute kumbukumbu kwanza. Kisha abonyeze 40 × 17,000 halafu M+, 12 × 28,000 halafu M+, na mwisho MR. Jibu ni 1,016,000. Kama mashine ina kitufe cha GT, kazi ni nyepesi zaidi: amalize kila bidhaa kwa alama ya sawasawa, kisha abonyeze GT, na mashine itamjumlishia majibu yote yaliyopita. Nimeona wafanyabiashara wa miaka mingi wakiandika jumla ndogo ndogo pembeni ya daftari ili wazijumlishe upya, ilhali kitufe kipo pale juu kikiwasubiri. Si uvivu wala ujinga wao. Herufi mbili za Kiingereza juu ya plastiki hazimwambii mtu chochote.

Kuna watu walioukimbia mgogoro huu wa nani atangulie kabisa, na historia yao inanivutia sana. Mwaka 1924 mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz, aliona kwamba ukiiweka alama mbele ya vitu vinavyohusika, badala ya katikati yao, huhitaji mabano hata kidogo. Alikuwa anashughulika na mantiki, si mashine. Katika miaka ya 1950 mwanafalsafa wa Australia, Charles Hamblin, aliona faida ya kuigeuza: alama ikae nyuma. Unataja nambari kwanza, kisha unasema kifanyike nini. Hewlett-Packard wakautumia mpangilio huo kwenye HP 9100A ya mezani mwaka 1968, na mwaka 1972 kwenye HP-35, kikokotoo cha kisayansi ambacho Bill Hewlett alitaka kitoshee kwenye mfuko wa shati. Kilikuwa na vitufe 35, ndipo jina lake lilipotoka, na kiliuzwa dola 395, fedha nyingi sana kwa wakati ule.

HP-35 hakikuwa na kitufe cha sawasawa. Kilikuwa na kitufe kikubwa cha ENTER. Hesabu yetu ya saruji ingekwenda hivi: 40, ENTER, 17,000, ×. Papo hapo unaona 680,000. Kisha 12, ENTER, 28,000, ×. Unaona 336,000. Kisha +, na unaona 1,016,000. Ndani ya mashine nambari hupangwa kama kreti za soda stoo, ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa, na kila alama huchukua mbili za juu na kurudisha moja. HP-35 kilikuwa na nafasi nne za kreti hizo, na zilitosha kwa hesabu nyingi za mhandisi.

Kinachonifurahisha katika mpangilio huo ni kwamba haufichi kitu. Kila hatua inakuonyesha nambari yenye maana dukani: fedha ya saruji, fedha ya bati, jumla. Ukikosea kwenye bati utaona kwenye bati. Ndiyo maana watu wa fedha bado wanakishikilia HP-12C, kilichotoka mwaka 1981 na ambacho kingali kinauzwa. Hata hivyo singempa mama wa mchele. Mpangilio huo unamtaka mtu ajifunze upya kitu anachokijua tayari kwa namna nyingine, na haki hiyo mashine haina. Texas Instruments waliielewa hoja hii. Mwaka 1976 walitoa TI-30 kwa bei isiyofika dola 25, yenye mabano na inayofuata mpangilio wa kitabu cha shule, na wanafunzi wakainunua. Casio na Sharp walikwenda njia hiyo hiyo, na ndiyo iliyofika kwetu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mpangilio wa alama nyuma haukufa. Ulihamia ndani. Mwaka 1961 Mholanzi Edsger Dijkstra alieleza njia ambayo kompyuta inaweza kuipokea hesabu iliyoandikwa kitabuni na kuipanga upya, alama nyuma, nambari mbele, ili iifanye bila kurudi rudi. Programu nyingi zinazosoma hesabu zetu leo hutumia njia hiyo au jamaa zake. Katika mfumo wa Unix kulikuwa na programu ya zamani iitwayo dc, iliyotaka mtumiaji mwenyewe aandike alama nyuma. Baadaye ikaja bc, ambayo ilimruhusu kuandika kama shuleni, kisha kimyakimya ikaitafsiria dc. Hapo naiona adabu ninayoitaka katika zana zote: mashine ndiyo ibebe taabu ya kugeuza, mtu aandike kama alivyozoea.

Kuna taabu nyingine iliyotupata sisi wa pesa za simu kuliko wengi. Mtazame wakala kwenye kibanda chake. Mkono mmoja uko kwenye simu, ambako 1, 2, 3 ziko safu ya juu. Mkono mwingine uko kwenye kikokotoo, ambako safu ya juu ni 7, 8, 9. Kutwa nzima anaruka kati ya mipangilio miwili iliyopinduana, na kila kinachobonyezwa ni fedha ya mtu.

Mpangilio wa kikokotoo ni mkongwe. Ulikuwapo kwenye mashine ya kujumlishia ya David Sundstrand huko Illinois tangu mwaka 1914. Mpangilio wa simu ulitoka Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, ambako mwaka 1960 R. L. Deininger alichapisha majaribio ya namna nyingi za kuzipanga tarakimu, watu halisi wakibonyeza na kupimwa kasi na makosa. Tofauti kati ya mipangilio mizuri ilikuwa ndogo. Wakachagua 1, 2, 3 juu, na simu za vitufe zikaingia sokoni mwaka 1963. Tofauti ndogo katika maabara, ila iliyofungwa milele kwenye vidole vya dunia nzima. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja, baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, mamilioni ya watu wangetumia vyote viwili sekunde ile ile. Wanafunzi wangu mawakala nawashauri wafanye hesabu ndani ya simu au nje ya simu, lakini waache kunakili nambari ndefu kwa kumbukumbu ya vidole. Macho yasome tarakimu moja moja.

Sasa niseme juu ya mtu aliyechukulia mambo haya kwa uzito kuliko wote ninaowajua. Harold Thimbleby, profesa wa Uingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Swansea, ameandika kwa miaka mingi kwamba vikokotoo ni vibaya bila sababu. Mfano wake mmoja ujaribu mwenyewe: kwenye kikokotoo cha kawaida bonyeza 4, ×, −, 5, sawasawa. Unataka nne mara hasi tano, yaani hasi ishirini. Vingi vitakupa −1. Mashine imeona alama mbili zimefuatana, ikaitupa ile ya kwanza bila kukuambia, ikafanya 4 − 5. Inaweza kuwa ilifanya hivyo kwa nia njema, ikidhani umebadili mawazo. Lakini imeyabadili maneno yako na haikukujulisha, na hilo kwangu halikubaliki hata likifanywa na mashine ya shilingi elfu tano.

Anayedhani hizi ni habari za senti na mabati asikilize kisa cha Edmonton, Kanada, mwaka 2006. Mgonjwa wa saratani alipangiwa dawa ya fluorouracil, miligramu 5,250 zipite mwilini polepole kwa siku nne kupitia pampu ndogo ya kubeba. Dawa ilikuwa na miligramu 45.57 kwa kila mililita. Hesabu ya mwendo wa pampu ni 5,250 kugawanya kwa 45.57, kugawanya kwa siku 4, kugawanya kwa saa 24. Jibu ni mililita 1.2 kwa saa. Kugawanya kwa 24 kukaachwa, na nambari iliyopatikana ikawa 28.8, ambayo ni ya siku nzima. Nambari 28.8 ilikuwapo pia kwenye lebo ya dawa, kama kiasi cha siku, kwa hiyo ilipotazamwa ilionekana inalingana. Muuguzi wa pili aliyehakiki naye alifika pale pale. Dawa ya siku nne ikaingia kwa takriban saa nne, na mgonjwa alifariki wiki chache baadaye. Taasisi ya usalama wa dawa ya ISMP Canada ilichunguza na kuchapisha ripoti mwaka 2007, na haikuishia kuwanyooshea wauguzi vidole. Ilitazama lebo, pampu, na namna hesabu ilivyofanywa.

Naichukua nambari 28.8 na kuitazama. Peke yake haisemi chochote. Haisemi ni ya saa au ya siku, haisemi umegawanya mara mbili au mara tatu. Kikokotoo chenye mstari mmoja hufuta kila kilichokuwapo kabla ya jibu, kwa hiyo anayetaka kuhakiki hana cha kuhakiki, itambidi aanze upya, na akianza upya na wazo lile lile atafika kwenye kosa lile lile. Kama kioo kingekuwa kinaonyesha 5,250 ÷ 45.57 ÷ 4 = 28.8, jicho la pili lingekuwa na mahali pa kusimama na kuuliza: saa ziko wapi?

Kwa hiyo nikiulizwa ni uvumbuzi upi wa vikokotoo uliomsaidia mtu wa kawaida kuliko wote, sitataja ENTER wala mabano. Nitataja mstari wa pili wa kioo, ule wa juu unaobakiza ulichoandika huku wa chini ukionyesha jibu. Sasa simu nyingi za Android huonyesha hesabu nzima na jibu likibadilika kadiri unavyoandika. Apple walichelewa ajabu: iPad ilitoka mwaka 2010 ikiwa haina kikokotoo kabisa, na ikakipata mwaka 2024. Mwaka huo huo kikokotoo cha iPhone kikaanza kuonyesha hesabu yote uliyoiandika badala ya nambari ya mwisho tu. Harold Thimbleby na mwenzake, Will Thimbleby, walikwenda mbali zaidi. Walitengeneza kikokotoo ambacho unaandika hesabu kwa mkono juu ya kioo, na chenyewe kinajaza kinachokosekana, popote pale kilipokosekana.

Kuonyesha hakumalizi kila kitu. Kwenye Excel ukiandika =-3^2 utapata 9, na mwalimu wa hesabu atakuambia ni −9. Excel inaifunga alama ya hasi kwenye 3 kwanza, vitabu vya hesabu vinapiga kipeo kwanza. Lakini hapo angalau fomula imebaki ndani ya kisanduku, mtu anaweza kuibofya na kubishana nayo.

Ninalo neno kwa vijana wetu wanaotengeneza programu na menyu za simu. Shilingi yetu ina sifuri nyingi. Watengenezaji wa vikokotoo vya kaunta waliliona hilo wakaweka vitufe vya 00, na vingine hadi 000, na mkato unaotenga maelfu. Lakini ukituma fedha kwa menyu ya kubonyeza, pale panapoandikwa "ingiza kiasi" unaandika tarakimu mfululizo, na 1500000 na 150000 zinafanana kwa mtu aliyechoka mwisho wa siku. Kabla ya namba ya siri, mwonyesheni kiasi kwa mkato, na kwa maneno pia: milioni moja na laki tano. Kazi hiyo kwa kompyuta ni ndogo mno, na kwa mama wa mchele ni mtaji wa msimu.

Na wewe msomaji, kabla hujalipia kikokotoo kipya, kiombe ukijaribu pale pale kaunta. Andika 2 + 3 × 4 uone kama ni 20 au 14. Andika 100,000 + 18 na alama ya asilimia, uone ni jibu lipi kati ya yale manne. Andika 4 × − 5. Kama kinatoa usilolitegemea, si lazima ukikatae, ila ujue kinavyosikia. Kwa VAT, njia isiyokusaliti kwenye mashine yoyote ni kuzidisha kwa 1.18, na ukitaka kuitoa VAT ndani ya bei, gawanya kwa 1.18, usitoe asilimia 18, maana 118,000 ukiitoa asilimia 18 unabaki na 96,760 na si laki moja. Kama fedha inatosha, chagua chenye mistari miwili. Kisha andika njia hizo kwenye kipande cha karatasi, kwa Kiswahili, ukibandike nyuma ya mashine, ili anayekushikia duka kesho azikute hapo.